Heshima Isiyongoja Matanga

Somo: Mwanzo 47:1–12 na 27–31

Popote ulipo wakati huu, jikoni, dukani, garini ama kando ya kitanda cha mgonjwa, karibu tukae pamoja kwa muda mfupi katika Neno la Mungu. Jambo letu la leo ni la nyumbani kabisa. Twauliza hivi: sisi tulio watu wazima, wenye kazi na watoto wetu wenyewe, twawatunzaje baba na mama zetu ambao sasa wamezeeka?

Labda utasema, "Mchungaji, hilo twalijua. Amri ya tano tuliikariri tangu shule ya Jumapili." Ni kweli. Lakini kuijua amri ni jambo moja, na kuitimiza saa nane usiku, mama anapoita kwa kuwa hawezi kuinuka mwenyewe, ni jambo jingine.

Hebu kwanza tutazame desturi moja tuliyo nayo hapa kwetu Kenya. Mzee akifariki, kabla jua halijatua kamati imekwisha kuundwa. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mweka hazina. Walioko mjini hukutana jioni ile ile, na walioko nyumbani hukutana bomani. Daftari hufunguliwa. Yule wa Mombasa ameahidi hiki, yule aliye Marekani atatuma kile. Jeneza, gari, hema, chakula cha wageni, yote huandikwa na kugawanywa. Hata ndugu waliokuwa hawasemezani huketi katika chumba kimoja. Hilo si jambo baya. Kumzika mzazi kwa heshima ni wema, na katika kukutana hivyo twafarijiana.

Lakini jiulize, ndugu yangu. Mzee huyo huyo alikuwa mgonjwa miaka minne. Katika miaka hiyo, kamati ilikaa mara ngapi? Nani alikuwa mweka hazina wa dawa zake? Nani alikuwa katibu wa siku zake za kliniki? Mara nyingi hapakuwa na kamati yoyote. Palikuwa na binti mmoja, ama mke wa mwana mmoja, aliyemlisha, akamwosha, akamgeuza kitandani, akakopa nauli ya kumpeleka hospitali. Na siku ya mazishi binti huyo hakupewa hata nafasi ya kusema neno, kwa kuwa wasemaji walikuwa wengi.

Hili basi ndilo neno langu kwenu leo: kamati ya kumtunza mzazi na ikae yeye akiwa hai, na mwenyekiti wake awe ni mzazi mwenyewe.

MIAKA 17

Tuanze na hesabu ndogo kutoka kitabu cha Mwanzo. Sura ya 37 yatuambia kwamba Yusufu alikuwa kijana wa miaka 17 wakati ule ndugu zake walipomwuza. Yaani baba yake Yakobo alikuwa amemlea miaka 17. Miaka mingi ikapita. Njaa ikaja, na Yakobo akashuka Misri akiwa mzee wa miaka 130. Sura ya 47 yasema alifariki akiwa na miaka 147. Toa hesabu, msikilizaji. Ni miaka 17.

Baba alimlea mwana miaka 17, na mwana akamtunza baba miaka 17. Biblia haisemi lolote juu ya hesabu hizi mbili kuwa sawa, nami sitaki kuongeza neno. Lakini hapa pana fundisho kwetu. Wengi wetu tukisikia habari ya kumtunza mzazi, twafikiri ni wiki mbili za hospitali, kisha mambo yataisha kwa njia moja ama nyingine. Sivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kupita. Mzazi aweza kuishi na kisukari ama na mkono uliopooza kwa kiharusi miaka mingi. Jambo la wiki mbili laweza kwenda kwa huruma na harambee. Jambo la miaka 17 haliendi bila mpango.

Basi tumtazame Yusufu alifanyaje.

YUSUFU ALIPELEKA MAGARI

Katika Mwanzo 45 twasoma kwamba magari yalitolewa Misri kwa ajili ya watoto wadogo, akina mama na mzee Yakobo. Yusufu akayatoa pamoja na chakula cha njiani. Wale ndugu walikuwa wanaume wenye nguvu, nao walikuwa wamezoea kwenda na punda wao. Lakini ilikumbukwa kwamba mwili wa mzee si mwili wa kijana. Na tena twasoma kwamba Yakobo hakusadiki maneno ya wanawe. Ni alipoyaona yale magari ndipo moyo wake ulipopata uhai tena.

Wazazi wetu wako hivyo hivyo. Maneno ya simu, "Mama usijali, tuko pamoja," ameyasikia mara nyingi. Ataamini akiona magari.

Magari ya mzazi wako ni yapi? Nenda nyumbani ukatembee katika boma lake kama yeye atembeavyo. Je, choo kiko mbali, na njia ina utelezi wakati wa mvua? Je, usiku kuna taa karibu na kitanda? Je, kuna kitu cha kushika anapoinuka? Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi huwa ndio mwisho wa kutembea kwake. Mbao mbili za kushikilia, kiti kilichotobolewa cha kuweka juu ya choo cha shimo, na taa ndogo ya jua, gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya hospitali.

Kisha nunua daftari. Liite daftari la mama. Andika humo magonjwa aliyo nayo, majina ya dawa, saa za kuzimeza, dawa ambayo mwili wake unaikataa, siku ya kliniki, na nambari ya simu ya jirani mwenye gari. Daftari hilo likae mahali pamoja, na kila mtoto awe na nakala yake. Siku mama atakapozidiwa usiku, daktari atauliza maswali hayo yote, na huenda anayejua majibu yuko safarini.

Yafaa pia tuseme juu ya shinikizo la damu. Ugonjwa huu aghalabu hauumi. Mzee huona yu mzima, huacha dawa ili kuokoa pesa za watoto, na baada ya miezi michache hupigwa na kiharusi. Mweleze kwa upole kwamba dawa hizo humezwa hata siku anayojisikia vizuri. Waulizeni pia wahudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikiwapa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na vya sukari, nao hupita nyumba kwa nyumba.

Na kuna ugonjwa wa kusahau. Mama auliza swali lile lile mara kumi. Apotea njia aliyoipita maisha yake yote. Amshtaki mkaza mwanawe kwamba ameiba sukari. Atoka usiku akizurura. Wapendwa, huo si uchawi, wala si laana, wala si ukaidi. Ni ugonjwa wa ubongo. Twapaswa kulisema jambo hili waziwazi katika makanisa yetu, maana shuku ya uchawi imeua wazee katika nchi hii. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Mzee anayezurura usiku bila kujua alipo yumo hatarini mahali penye shuku kama hizo. Mkiona dalili hizo, mpelekeni hospitali achunguzwe, kisha waambieni majirani na mzee wa mtaa kwamba mama ni mgonjwa, wakimwona njiani wamshike mkono wamrudishe nyumbani. Msimfiche kwa aibu. Kumficha ni kumwacha bila ulinzi.

YUSUFU HAKUMWEKA BABA KATIKA JUMBA

Jambo la pili. Yusufu alikuwa mkubwa katika Misri. Angeweza kumweka Yakobo katika jumba zuri mjini. Lakini alifahamu kwamba watu wa nyumba yake walikuwa wachungaji wa mifugo, naye akawatafutia nchi ya Gosheni, mahali penye malisho, tena karibu naye. Mzee akakaa kati ya kondoo na wajukuu zake, akiendelea kuwa Yakobo.

Sisi je? Mara nyingi twamchukua mama kutoka shambani twampeleka Nairobi, ghorofa ya nne. Asubuhi watu wote huenda kazini na shuleni, mlango hufungwa. Hana kuku wa kulisha. Hana jirani wa kuzungumza naye kwa lugha yake. Hana ushirika wa akina mama wa siku ya Alhamisi. Baada ya wiki tatu aomba arudishwe nyumbani, nasi twanung'unika kwamba wazee hawana shukrani.

Sisemi kwamba ni kosa kumleta mzazi mjini. Wakati mwingine ni lazima, kwa mfano akihitaji kusafishwa figo kila wiki na nyumbani hakuna hospitali yenye mashine. Nasema aulizwe, tena aulizwe mapema. Akija, mtafutieni nyumba ya chini, kanisa ambalo lugha yake yasikika, na mtu wa kukaa naye mchana. Akibaki nyumbani, jibuni swali hili: nani hulala katika boma hilo usiku? Mkiajiri msaidizi, mlipeni mshahara wake kwa wakati na mpeni siku ya kupumzika. Msichana ambaye hajalipwa miezi mitatu hataweza kumtunza mama yenu kwa furaha.

Tena kumbukeni desturi zetu. Katika jamii nyingi za Kenya mke wa mwana hawezi kumwosha baba mkwe, wala si rahisi kwa binti kumvua baba yake nguo. Kama hamkupanga, baba atakaa bila kuoshwa huku nyumba imejaa watu, kila mmoja akiona haya. Semeni mapema: wana wa kiume watamwosha baba yao, ama ataajiriwa mwanamume wa kufanya kazi hiyo. Enyi wanaume, si aibu kumwosha aliyewaosha.

Labda mwauliza, mazungumzo haya yaanzeje? Maana kwetu mtoto akimwuliza mzazi habari za uzee na kifo, aonekana kama anayemtakia kufa. Basi msianze ninyi peke yenu. Mwendeeni shangazi ama mjomba anayeheshimiwa, ama mzee wa kanisa, awafungulie mlango. Chagueni siku ya amani, si kando ya kitanda cha hospitali. Na neno la kwanza lisiwe, "Mama, tumeamua." Liwe, "Mama, ungependa tukusaidie namna gani?" Kisha mnyamaze, mumsikilize mpaka amalize.

YUSUFU ALILISHA KWA KIPIMO

Jambo la tatu. Somo letu lasema kwamba Yusufu aliwapa chakula baba yake na ndugu zake na nyumba yote ya baba yake kulingana na wingi wa watu wao. Kulikuwa na kipimo. Hakukuwa na kubahatisha.

Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimtazama mwenzako amejitwika, waona mzigo ni mwepesi kama sufi. Ndivyo aliye mjini amwonavyo yule aliyebaki na mama: "Yeye yuko nyumbani tu, hana kazi." Na aliye nyumbani amwona wa mjini hivyo hivyo: "Yeye ana mshahara, kwake ni rahisi." Wote wawili hawajauinua mzigo wa mwenzake wakajua uzito wake.

Basi kaeni mpime. Tuchukue mfano. Tuseme ninyi ni watoto watano, na mmehesabu kwamba dawa, mshahara wa msaidizi, chakula cha ziada na nauli ya kliniki ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Msigawanye 3,000 kwa kila mmoja kama wagawanyavyo deni la hoteli. Yule mwalimu aweza kutoa 5,000, yule wa ng'ambo 7,000, yule mwenye kibanda cha mboga 1,000, na yule ambaye mwaka huu analipa karo ya watoto watatu 2,000. Yule wa tano, anayeishi na mama, asitozwe shilingi yoyote, kwa maana ameshatoa mikono yake na usingizi wake. Zaidi ya hayo apewe likizo. Mara moja kwa mwezi mmoja wenu aende nyumbani Ijumaa hadi Jumapili, ampishe akapumzike. Na mara moja kwa mwaka apate majuma mawili kamili. Musa alikuwa mtu wa Mungu, lakini mkwewe Yethro alimwonya kwamba kazi ya kuwaamua watu peke yake ingemchosha kabisa yeye na watu wake, akamshauri agawanye mzigo (Kutoka 18). Kama Musa alihitaji kusaidiwa, seuze dada yenu?

Pesa zipite njia moja. Chagueni mweka hazina, mara nyingi afaa yule ambaye wote humwamini, si lazima kifungua mimba. Kila mwisho wa mwezi awasomee hesabu: kiasi hiki kimeingia, kiasi hiki kimetoka. Hesabu iliyo wazi huzuia maneno. Na kila aliyeoa ama kuolewa azungumze na mwenzake kabla ya kuahidi. Ahadi ya siri huleta vita katika nyumba mbili. Afadhali uahidi kidogo ukitimize, kuliko kuahidi makubwa ambayo mama ataketi akiyangoja.

Tena msisahau yale ambayo nchi imeyaweka. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, bila kuteswa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa serikali. Jamaa na serikali, pande zote mbili. Mzazi mwenye miaka 70 na zaidi aweza kuombewa usajili katika mpango wa Inua Jamii, ambao huwapa waliosajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Muulizeni chifu ni lini usajili unafunguliwa, na hakikisheni kitambulisho hakijapotea. Katika matibabu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile tunayoiita SHA, ilichukua nafasi ya ile hazina ya zamani ya bima ya hospitali mwezi wa Oktoba mwaka 2024. Mzazi asajiliwe kwa jina lake mwenyewe. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na malipo hayapungui shilingi 300 kwa mwezi, yakilipwa ya mwaka mzima. Mtoto mmoja achukue jambo hili liwe lake. Msingoje mpaka mama awe juu ya machela mlangoni mwa hospitali ndipo mwulizane nani alilipa.

MZEE ALISEMA NENO LAKE

Jambo la nne. Siku za Yakobo zilipokaribia mwisho, alimwita Yusufu akamwambia waziwazi mahali anapotaka kuzikwa, akamwapisha. Yusufu hakumkatiza akisema, "Baba, usiseme habari za kifo, utapona." Alisikiliza, akaahidi, na baadaye akatimiza.

Mzazi akitaka kusema, mwacheni aseme. Akitaka kuandika wosia, msaidieni kumpata wakili. Sheria ya urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamruhusu mtu yeyote mwenye miaka 18 na akili timamu kuandika wosia. Autie sahihi ama alama yake mbele ya mashahidi wawili ama zaidi, na ni vizuri mashahidi hao wasiwe wale watakaorithi. Wosia wa mdomo pia hukubaliwa ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, lakini hauna nguvu ikiwa aliyeusema ameishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema. Kwa hiyo lile neno lililosemwa chini ya mwembe miaka kumi iliyopita, msilitegemee kortini.

Lakini sikilizeni onyo hili. Mali ni ya mzazi, na wosia ni wake. Kumshika mama mgonjwa mkono, ukamtia kidole gumba katika karatasi asiyoielewa, ni wizi, hata kama wewe ndiwe uliyemtunza zaidi ya wote. Na kumtunza mzazi kwa sababu ya shamba si kumheshimu. Ni kuwekeza.

JUU YA KORBANI

Wapendwa, sasa nina neno kwa watu wa kanisa. Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea watu wa dini kwa sababu ya jambo waliloliita Korbani. Mtu aliweza kusema kwamba kile ambacho angewasaidia nacho baba na mama amekiweka wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo hawadai tena. Yesu alisema kwamba kwa desturi hiyo walikuwa wanalitangua neno la Mungu.

Je, Korbani haipo kwetu? Mtu asimama katika harambee ya kanisa, atoa shilingi 50,000 kwa ajili ya paa la kanisa, makofi yapigwa. Na paa la mama yake lavuja. Sisi tulio wachungaji twapaswa kumwambia mtu huyo, kwa upendo na kwa faragha, "Ndugu, tengeneza kwanza kule, kisha uje." Mtume Paulo amwambia Timotheo kwamba watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwatendea wema watu wa nyumba yao wenyewe, na kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Timotheo 5:4 na 8). Hilo ni neno zito, nasi tusilipunguze uzito.

Lakini katika sura ile ile twaona pia kwamba wajane wasio na watu ni mzigo wa kanisa. Katika kila ushirika kuna mzee ambaye watoto wake walikufa kabla yake, ama hakujaliwa watoto. Kamati yake ni sisi.

KWA ALIYEUMIZWA NA MZAZI

Najua kwamba wengine mwasikiliza kwa uchungu. Baba yako alikwenda zake ukiwa mtoto. Mama alikulea kwa vibarua. Sasa baba amerudi, mzee, mgonjwa, hana kitu, na watu wa ukoo wakwambia, "Ni baba yako, mtunze."

Sitakwambia kwamba ni rahisi. Yusufu naye alitendewa uovu na watu wa damu yake, na Biblia yatuonyesha akilia zaidi ya mara moja kabla ya mambo kutengenea. Kuheshimu si kudanganya. Huhitaji kusema kwamba alikuwa baba mwema. Waweza kumpa chakula, dawa na kitanda safi kwa sababu ni mtu aliyeumbwa na Mungu, hata kabla moyo wako haujapona. Na kama kukaa naye nyumba moja ni hatari kwako ama kwa watoto wako, usikae naye. Toa sehemu yako kupitia ndugu wengine. Msamaha ni kazi ya Mungu ndani yako, naye hufanya kazi hiyo kwa muda wake.

MSALABANI

Mwisho, twende Kalvari. Katika Yohana 19 Bwana wetu yuko msalabani, mwili wake umeraruliwa, mzigo wa dhambi za ulimwengu uko juu yake. Kama pana mtu aliyekuwa na sababu ya kusema, "Sina nafasi sasa," ni yeye. Lakini alimwona mama yake amesimama pale. Akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi kwa mama. Tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake.

Angalieni, hakusema tu kwamba Mungu atamwangalia mama. Alichagua mtu. Mama alijua ni nani, na mtu huyo alijua ni kazi yake. Huo ndio mpango.

Basi, ndugu msikilizaji, juma hili fanya mambo matatu. Mpigie simu ndugu yako anayekaa na mzazi, umwulize, "Umechoka kiasi gani?" wala usijitetee akikujibu. Pangeni siku ya kukaa pamoja, mzazi wenu akiwa katikati yenu. Na ununue lile daftari, uandike ukurasa wa kwanza. Tusingoje matanga ndipo tuwe watoto wema.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, twakushukuru kwa wale waliotuzaa na kutubeba. Watie nguvu magoti yao, watulize usiku. Uwakumbuke wale wanaowaosha na kuwalisha bila kuonekana na mtu. Uwape pumziko, nasi utufanye kuwa sehemu ya pumziko hilo. Uvunje ugomvi kati ya ndugu na ndugu. Uwaponye waliojeruhiwa nyumbani mwao. Utupe moyo wa kutoa kwa kipimo na kwa furaha, tungali na mtu wa kumpa. Twaomba katika jina la Yesu, aliyemkumbuka mama yake msalabani. Amina.